Mtumba wa Dola Mia

Ubishi wa kompyuta ya michezo, ninunue mpya au mtumba, si wa leo. Huko Marekani mwaka 1983 ulifika hadi kuchekesha.

Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 kwa dola 595. Mkubwa wa kampuni, Jack Tramiel, alikuwa mtu wa vita vya bei. Mwaka 1983 kampuni ikatangaza: leta kompyuta au mashine yako ya michezo, yoyote ile, urudishiwe dola 100 ukinunua Commodore 64. Yoyote, bwana! Wajanja wakaamka. Kulikuwa na kikompyuta kiitwacho Timex Sinclair 1000, chenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, ambacho bei yake ilikwisha poromoka. Maduka mengine yakakiuza kwa dola 10 hivi ili mnunuzi akipeleke Commodore, abaki na dola tisini. Kitu kipya kabisa, kinanunuliwa ili kiitwe kikuukuu!

Basi nani aniambie bei ndiyo inayoonyesha uzima wa mashine? Zile dola 100 zilipima hamu ya Tramiel ya kuwamaliza washindani tu. Texas Instruments walitangaza kujitoa katika kompyuta za nyumbani Oktoba 1983. Aliyenunua yao mpya wiki ile alibaki na yatima. Commodore 64, hata ya mkono wa tatu, iliendelea kutungiwa michezo mipya mpaka miaka ya 1990.

Vijisenti nilivyodunduliza navipeleka kwenye mtumba, mradi muuzaji auwashe mbele yangu na afungue mchezo uliotoka mwaka huu.