Usafiri wa kijani Misima: tuanze na njia ya miguu

Juzi hapa kafe mshikaji mmoja kaniuliza: "Huo usafiri wa kijani unaoupigia kelele, sisi watu wa Misima unatuhusu nini? Si mambo ya Dar hayo?" Swali zuri, na jibu lake haliwezi kuwa la mstari mmoja. Naandika kirefu kidogo ili anayetaka kulipeleka jambo hili kijijini kwake awe na pa kuanzia.

Kwanza maana. Usafiri wa kijani ni ule unaofikisha watu na mizigo kwa moshi kidogo, mafuta kidogo na bila kumaliza miti. Dar wana mabasi ya mwendokasi, yalianza Mei 2016 na yakalipatia jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Safi sana. Ila Misima hatuna foleni ya Ubungo. Sisi tuna lami ya Korogwe–Handeni, kama km 65 hivi, na ukishaiacha lami tu unakutana na vumbi, makorongo na kijinjia cha kupita mtu mmoja mmoja.

Niseme na langu. Masika moja dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Bodaboda ilikuja, ikafika ukingo wa korongo, ikaishia hapo, maji yamejaa. Tukambeba kwenye kitanda cha kamba vijana wanne mpaka ng'ambo. Namshukuru Mungu alijifungua salama, na mtoto sasa anakimbia. Lakini usiku ule nilielewa kitu: tulichokosa hakikuwa gari wala lami. Tulikosa kivuko cha hatua kumi.

Makete waliliona zamani

Wenzetu walishalifanyia kazi hili. Kuanzia 1985 wilaya ya Makete (wakati ule mkoa wa Iringa, sasa Njombe) ilikuwa na mradi wa usafiri vijijini, serikali ikishirikiana na Shirika la Kazi Duniani, ILO. Hawakuanza na greda. Walianza kwa kuuliza kaya: nani anakwenda wapi, amebeba nini, anatumia muda gani?

Majibu yakawashangaza waliozoea kufikiri kwamba usafiri maana yake ni barabara. Safari nyingi zilikuwa za miguu, ndani ya kijiji na kandokando yake: kuchota maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Na mzigo mwingi ulikuwa kichwani kwa akina mama. Ndipo mradi ukashughulika na njia za miguu na vivuko kwa nguvu za wanakijiji, ukahimiza punda wa kubeba mizigo, ukaangalia pia mashine za kusaga ziwe karibu na watu. Maana safari ya kijani kuliko zote ni ile ambayo mtu hana haja ya kuifanya!

Sasa Misima tufanye nini?

1. Tuchore ramani yetu. Chini ya mwembe, kwa kijiti: vitongoji, maji, zahanati, shule, mashine, mashamba. Halafu tuweke alama pale njia inapokatika masika. Akina mama wawepo, tena waongee wao kwanza, kwa sababu ndio wanaozijua hizo njia.

2. Vivuko na njia za miguu. Mawe, mchanga, magogo na nguvukazi vipo. Saruji na fundi ndivyo vya kuombea bajeti. Njia ikiwa pana kidogo na haina utelezi, baiskeli inapita, mkokoteni unapita, hata bodaboda inapita bila kuunguza mafuta kwa kuzunguka mbali.

3. Baiskeli na punda. Baiskeli haili petroli, lakini inataka fundi na spea karibu. Punda anataka maji, majani na kupumzishwa, siyo fimbo. Wapeni kazi ya kubeba madumu na mahindi, muone mama anavyobakiwa na muda.

4. Pembeni ya lami. Watoto wa shule wanatembea huko huku mabasi yanapita kasi. Njia yao ya pembeni na alama za kuvukia ni usafiri wa kijani pia.

Hapa tusidanganyane. Baiskeli iliyopakia magunia matatu ya mkaa ina moshi wake, ila unatokea mbele ya safari. Mkaa mwingi wa Handeni unaishia majiko ya Dar, na miti inabaki kuwa visiki huku kwetu. Kwa hiyo ukipanga usafiri, panga na msitu.

Na siwasemi vibaya bodaboda. Ni ndugu zetu, ni ajira, na usiku wa dharura ndio tunaowapigia simu.

Pa kulipeleka

Hapa ndipo wengi tunapotea. Tunalalamika kijiweni, tunamaliza kahawa, tunakwenda kulala. Utaratibu ni huu:

- Lami ya Korogwe–Handeni iko kwa TANROADS. Barabara za vijijini ziko kwa TARURA, iliyoanza 2017. Vinjia vya miguu mara nyingi havina mwenyewe, ndiyo maana inabidi kijiji kivisemee.
- Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Upo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Hoja ikipita na kuandikwa kwenye muhtasari, inakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya.
- Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukisubiri Juni umechelewa, bajeti imeshafungwa. Peleka hoja miezi mingi kabla.
- Kijiji kikipanga matumizi ya ardhi, kwa Sheria Na. 6 ya 2007, njia na mapito ya mifugo viwekwe kwenye ramani kabla mtu hajajenga juu yake.
- Vijana wenye kikundi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Karakana ya baiskeli au mikokoteni ni wazo halali kabisa.

Namalizia kwa kukiri. Baada ya ile masika nilihudhuria mkutano wa kijiji. Tuliongea ya shule, tukaongea ya mifugo, mwenyekiti akauliza, "Kuna mengineyo?" Watu kimya. Na mimi niliyebeba kile kitanda nikakaa kimya, naogopa wazee. Korongo halikuingia kwenye muhtasari, na masika iliyofuata likajaa tena.

Mkutano ujao nanyoosha mkono. Wadau wa Sindeni, Kwamatuku, Korogwe na kwingineko, kwenu njia inakatikia wapi? Na nani ameshasimama kusema? Leteni maoni hapo chini.