Tulilikuta

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilirudi kwa cucu, Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Jioni moja nikamuuliza hilo jina ni Kikuyu gani. Akacheka.

"Si Kikuyu, kijana wangu. Tulilikuta."

Hilo neno, tulilikuta, lilininyima usingizi.

Naro Moru ni Kimaasai: mahali pa mawe meusi. Shuka mtoni utayaona. Panda matatu hadi Nanyuki, ni Kimaasai tena. Mto Ewaso Ng'iro unaopita Laikipia ni maji ya rangi ya udongo. Hata Nairobi, mnakobanana kwenye bedsita, ni Enkare Nairobi, maji baridi.

Sasa, waliopaita hivyo walienda wapi? Mwaka wa 1904 Waingereza waliwatilisha viongozi wa Wamaasai sahihi kwenye mkataba, wakawatoa Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate mashamba. Wengine wakapelekwa Laikipia, wakiahidiwa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 ukawataka wahamie kusini, wakaswagwa na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake walienda kortini. Korti ikasema mkataba huo ni kama wa nchi mbili, kwa hivyo yenyewe haina uwezo wa kuuamua. Yaani Wamaasai walikuwa taifa kamili siku ya kushtaki tu, si siku ya kufukuzwa.

Baada ya uhuru walowezi wakaanza kuuza. Guka alilipa hisa kwenye chama cha kununua mashamba, pole pole, hadi akapata ekari zake. Naye alikuwa amenyang'anywa kwao. Kwa hivyo simlaumu, na sitamwambia cucu ahame. Lakini hati ya shamba letu ina jina la guka, na jina la mahali lililo kwenye lugha ambayo guka hakuijua hata salamu.

Siku hizi mgeni akiniuliza Naro Moru maana yake nini, sikomei kwa mawe meusi. Namwambia pia ni nani waliyaona kwanza, na ni nani aliyewaondoa.

Na wewe, ushago kwenu panaitwaje? Kwa lugha ya nani?