Chuo na Karakana: Historia ya Ndege Ndogo za Jeti na Funzo Lake kwa Ukanda wa Dhahabu

Mwanadamu alitamani kuruka tangu alipoinua macho akamwona ndege angani. Lakini kutamani ni jambo moja, na kuunda ni jambo la pili. Kati ya mambo hayo mawili pana bonde refu, na daraja la bonde hilo halikujengwa na mtu wa namna moja. Lilijengwa na mwenye hesabu na mwenye nyundo, kila mmoja akimpa mwenziwe alichokosa. Habari za ndege ndogo kuliko zote za jeti, ambazo watu binafsi waliziunda majumbani mwao, ni ushahidi wa jambo hilo. Ushahidi huo wastahili kusikiwa Shinyanga na Geita, nchi ambayo imepitiwa na ndege kwa karibu miaka mia moja, na ambayo ina mafundi wengi, lakini ndege na mafundi hao hawajakutana bado.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua safari za kila juma kutoka London, na kikomo cha safari hizo kwa upande wa kusini kilikuwa Mwanza. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulianza Geita, na mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi za Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Mwadui palikuwa mji wa mgodi wenye hospitali, shule, na kiwanja chake cha ndege. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena mwaka 2000, na ndege zikarudi pamoja nao.

Sababu ya ndege kupendwa katika nchi hii ni nyepesi kufahamika. Pamba ya Usukuma ni nyingi kwa kimo na ndogo kwa bei, kwa hiyo yaweza kungoja treni. Dhahabu na almasi ni kinyume chake: mkoba mmoja hubeba thamani ya treni nzima, na mwenye mkoba huo hapendi kukawia njiani. Basi ndege ilikuja kwa ajili ya mawe. Ilinunuliwa ng'ambo, ikarushwa na aliyefundishwa ng'ambo, na ilipoharibika ikapelekwa kutengenezwa mbali. Ilikuwa mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele, akapokea mzigo wake, akaondoka bila kuketi na wenyeji jikoni.

Jikoni, hata hivyo, kulikuwa na kazi. Mtu anayepita leo katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama au Msalala husikia mngurumo wa makarasha, yaani mapipa ya chuma yazungukayo na kusaga mawe kwa gololi nzito. Mengi ya makarasha hayo yameundwa papo hapo. Fundi huchukua bamba la chuma, ekseli ya lori lililokufa, injini ya dizeli na mikanda, akavifanya kuwa mtambo unaofanya kazi mchana na usiku. Hana mchoro wa karatasi. Mchoro wake uko machoni na vidoleni. Hujua kwa sikio kwamba beringi inakaribia kufa, na kwa rangi ya moto kwamba chuma kimeiva. Maarifa hayo si haba. Swali ni kama maarifa ya namna hiyo yana mahali katika historia ya chombo cha fahari kama jeti. Jibu la historia ni kwamba yana mahali, tena pa mwanzo kabisa.

Injini ya jeti, kwa asili yake, ni chombo rahisi kueleza na kigumu kutengeneza. Gurudumu la mbele huvuta hewa na kuishindilia. Hewa hiyo huingia katika chumba cha moto na kuchanganyika na mafuta yawakayo. Moshi wenye nguvu hutoka nyuma, na katika kutoka kwake huzungusha gurudumu la pili, ambalo kwa mhimili mmoja huzungusha lile la kwanza. Nguvu inayobaki husukuma ndege mbele. Dereva wa lori anaijua nusu ya habari hii tayari, maana tabochaja iliyo ubavuni mwa injini yake hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: moshi huzungusha gurudumu moja, na gurudumu jingine hushindilia hewa. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wameunda jeti zao za kwanza za majaribio kwa tabochaja kuukuu na chumba cha moto cha bati.

Katika miaka ya 1930 watu wawili, pasipo kujuana, walifuata wazo hili. Wa kwanza ni Frank Whittle, askari wa anga wa Uingereza, aliyeomba hataza ya injini yake mwaka 1930. Mwaka 1935 hataza hiyo ilikufa kwa sababu ada ya kuihuisha, pauni 5, haikulipwa. Mwenyewe hakuwa na fedha, na serikali haikuona faida ya kumlipia. Wa pili ni Hans von Ohain, mwanafizikia kijana wa chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Von Ohain alikuwa na hesabu, lakini hakuwa na mkono wa kuunda. Alipeleka michoro yake kwa Max Hahn, fundi wa gereji aliyokuwa akitengenezesha motokaa yake. Hahn aliitazama michoro, akasahihisha vipande ambavyo visingeweza kukatwa wala kuunganishwa, kisha akaunda mfano wa injini kwa bamba la chuma. Mfano ule haukuweza kujiendesha wenyewe; ulitapika ndimi za moto nyuma. Lakini profesa wa von Ohain, Robert Pohl, hakucheka. Aliandika barua ya kumtambulisha kijana wake kwa Ernst Heinkel, mwenye kiwanda cha ndege, na mwaka 1936 Heinkel aliwaajiri wote wawili, mwanafizikia na fundi. Tarehe 27 Agosti 1939 ndege yao, He 178, ilipaa. Ndiyo ndege ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya jeti peke yake.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila mwenye kuheshimu elimu. Jeti ya kwanza kuruka ilitungwa chuoni, lakini ilizaliwa gerejini. Kama von Ohain angeona haya kuketi na mtu mwenye mikono ya grisi, au kama Hahn angeambiwa kwamba hesabu si shughuli yake, wazo lile lingebaki karatasini.

Baada ya vita jeti ilikua ikawa chombo cha mataifa na makampuni makubwa, na mtu wa kawaida akatengwa nayo. Lakini hamu haikufa. Katika mwaka 1971 Jim Bede wa Marekani alirusha BD-5, ndege ndogo ya kiti kimoja ambayo mteja aliuziwa vipande akaviunganisha nyumbani. Mwaka 1973 ilifuata BD-5J yenye injini ya jeti ya Kifaransa, TRS 18, ambayo msukumo wake ni kilo 100 hivi. Urefu wake haukufika mita 4, na moja ya ndege za aina hiyo ilipata sifa ya kuwa jeti nyepesi kuliko zote duniani: kilo 162 ikiwa tupu, uzito wa pikipiki kubwa. Mwaka huo huo wa 1973, Mfaransa Michel Colomban alirusha Cri-Cri, ndogo zaidi, yenye injini mbili za panga. Baadaye wengine walizitoa injini hizo wakaweka jeti mbili za aina itumikayo katika videge vya michezo. Na jeti hizo za michezo zilitoka wapi? Mmoja wa waanzilishi wake ni Mjerumani Kurt Schreckling, ambaye kabla ya miaka ya 1990 kukolea aliunda injini nyumbani kwa vifaa vya kawaida, na gurudumu lake la kushindilia hewa alilifanya kwa mbao za plaiwudi zilizoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Mbao ndani ya jeti! Aliyefikiri kwamba chombo hiki ni lazima kitoke katika kiwanda cha dola, na afikiri tena.

Lakini historia ya kweli haisimulii ushindi ikaficha makaburi. Kampuni ya Bede ilipokea fedha za maelfu ya watu. Upatikanaji wa injini ukavurugika, na mwaka 1979 kampuni ikafilisika. Wengi walibakiwa na masanduku ya vipande bila injini, na miongoni mwa waliofaulu kuunganisha, wengine walikufa walipojaribu kuruka. Udogo wenyewe ulikuwa hatari: ndege ndogo ya mwendo mkali humpa rubani muda mfupi wa kutambua kosa lake, na muda mfupi zaidi wa kulirekebisha.

Funzo kubwa kuhusu hatari hiyo lilipatikana zamani zaidi. Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege yake ndogo iliyoitwa Kiroboto wa Angani, na mwaka uliofuata alichapa kitabu cha kuwafundisha watu wote kuiunda. Maseremala na makarani wa Ufaransa na Uingereza waliiunda kwa shauku. Kisha vifo vikaanza: ndege ilielekea chini na haikuinuka tena. Mwaka 1936 wataalamu wa nchi zote mbili waliingiza ndege nzima katika mahandaki ya upepo, wakagundua kwamba ikiinamisha pua kupita kiasi, bawa la mbele na la nyuma, kwa jinsi yalivyokaribiana, humnyima rubani uwezo wa kuinyanyua. Ruhusa ya kuzirusha ilizuiwa, lakini kosa lilijulikana, na aina zilizorekebishwa ziliruka baadaye. Tofauti ni hii: serikali ilikataza, lakini pia ilipima. Katazo bila kipimo huua ubunifu. Sifa bila kipimo huua mbunifu.

Afrika ya Mashariki imepata wabunifu wa namna hii. Nchini Kenya, kuanzia takriban mwaka 2010, Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege moja baada ya nyingine, na jitihada zake nyingi ziliishia ardhini. Nchini Tanzania, mwaka 2019, habari zilienea za fundi wa Tunduma, mkoani Songwe, aliyekuwa akiunda helikopta katika karakana yake. Kila mara habari kama hizi zinapotoka, umma hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja hushangilia kana kwamba chombo kimekwisha kuvuka bahari. Fungu la pili hucheka kana kwamba mtu kakamatwa akifanya wazimu. Mafungu yote mawili hayamwulizi fundi maswali ambayo Hahn aliulizwa: uzito ni kiasi gani, msukumo ni kiasi gani, na umepimwa kwa nini?

Maswali hayo yana ukali wa pekee katika nchi ya Shinyanga, ambayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Pwani, katika hali ya wastani, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi; Shinyanga, alasiri ya joto la digrii 30, haizidi sana kilo 1. Sehemu karibu moja katika sita imepotea, na jeti hula hewa: hewa ikipungua, msukumo hupungua, na bawa nalo hubeba kidogo zaidi. Kwa hiyo ndege huhitaji uwanja mrefu kuliko ule uliotajwa katika karatasi za Ulaya. Tena uwanja wa changarawe hurusha vijiwe, na kijiwe kimoja kikimezwa na gurudumu lizungukalo makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, huo ni mwisho wa injini, na pengine wa rubani.

Fundi wa karasha hayajui mambo haya kwa sikio lake, wala si haki kumlaumu. Gurudumu la karasha likiyumba, mtambo hutetemeka. Gurudumu la jeti likiyumba, hupasuka. Chuma cha ekseli hustahimili mzigo, lakini penye moshi wa jeti huhitajika aloi ya nikeli ambayo haipatikani katika lundo la chakavu. Hapo ndipo mwenye hesabu ana deni. Mhandisi wa Dar es Salaam anaweza kukokotoa mizani ya gurudumu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanza kazi mwaka 2003, ina wakaguzi wajuao sheria za usalama. Lakini elimu iliyokaa maktabani, na ukaguzi unaofika baada ya chombo kukamilika ili kusema hapana tu, havijawa msaada.

Mwanzo unaofaa si ndege, bali injini iliyofungwa imara juu ya benchi, nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, na vipima joto na mzani wa msukumo, fundi akiwa upande mmoja na mwanachuo upande wa pili. Huko Göttingen ilianza hivyo, kwa moto uliotapikwa na mfano usiojiendesha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mazishi, na faida yake haitegemei kuruka: anayejifunza kusawazisha gurudumu la jeti atasawazisha pia feni ya kuingiza hewa katika duara la dhahabu, na huko chini kuna watu wanaongoja hewa hiyo wapate kuvuta pumzi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ukanda wa dhahabu umeona ndege tangu 1931 kama mtu aonavyo harusi ya jirani, kwa mbali na kwa sauti ya ngoma. Mawe yake yamepanda angani. Mikono yake haijapanda. Itapanda siku ambayo chuo kitakwenda gerejini bila kuona haya, na gereji itaingia chuoni bila kubisha hodi mara mbili.