Mtambo wa Chapa ni wa Nani? Historia ya Vitabu vya Shaaban Robert

Makada wetu wanapojadili njia kuu za uchumi hutaja ardhi, viwanda na mabenki. Mtambo wa kupiga chapa husahauliwa. Lakini vitabu vya Shaaban Robert vinatuonyesha kwamba taifa laweza kuwa na mwandishi, lugha na wasomaji, na bado likategemea wageni ili kujisoma.

Tuanze na hali halisi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya mkoloni. Miswada yake ilibidi ivuke mipaka. Kusadikika, ambamo Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, ilitolewa na Nelson wa London mwaka 1951. Pambo la Lugha ilitolewa kwanza na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Tazameni mgongano huo, ndugu: mashairi ya mwana wa Tanga yalitoka katika nchi ya makaburu, ambayo baada ya uhuru tulikataa kufanya nayo biashara.

Katika soko la kibepari kitabu hakihitaji kupigwa marufuku ili kipotee. Nakala zikiisha, mwenye kampuni hutazama daftari lake la faida, na wasomaji wa Kiswahili wasio na fedha hawaonekani humo.

Mwaka 1966 iliundwa Tanzania Publishing House, ikiwa ya umma kwa ubia na Macmillan. Ilifanya kazi kubwa. Kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na unyonge wa Afrika kilitolewa nayo mwaka 1972. Lakini katika miaka ya 1980 fedha za kigeni za kununulia karatasi, wino na vipuri zilikosekana. Tuseme kweli: umma kumiliki shirika hakukutosha pale karatasi ilipokuwa bado ya mgeni.

Mwaka 1991 Ndugu Walter Bgoya, aliyeliongoza shirika hilo tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota, na mwaka huo huo Kusadikika na Wasifu wa Siti binti Saad zikatolewa tena, safari hii Dar es Salaam. Wapo watakaokereka kwamba kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya binafsi. Wajiulize kwanza nani mwingine aliifanya.

Lipo jambo zito zaidi. Anayechapa upya hupanga maneno upya kutoka nakala kuukuu, na hapo mkono huwasha kusahihisha. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, ulitoka mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo cha mtunzi. Vita vyenyewe ni vile vya 1939 hadi 1945, na msimulizi yuko upande wa Uingereza na wenziwe dhidi ya Hitler. Kada mwenye pupa atasema beti hizo ni kasumba, zipunguzwe. Sisi tunapinga. Mwanafunzi akipewa utenzi uliopogolewa, hatajua kamwe kwamba mtawaliwa alilishika neno uhuru kutoka kinywani mwa mtawala wake, wala hatauliza ilikuwaje neno hilo hilo, miaka michache baadaye, likageuzwa dhidi ya aliyelitamka.