Muziki wa densi ya swing huteuliwa kwa kuzingatia miguu

Densi ya swing ilichipuka miongoni mwa Wamarekani weusi wa mtaa wa Harlem, jijini New York, katika miaka ya 1920 na 1930. Mtindo wake mashuhuri zaidi, Lindy Hop, huchezwa na watu wawili walioshikana mikono, na ungali na wapenzi katika nchi nyingi. Hata hivyo, si kila wimbo wa jazi unaowafaa wachezaji hao. Anayeteua nyimbo ndiye huamua iwapo watu watajaa uwanjani au watasalia vitini.

Jambo la kwanza ni mdundo. Katika swing, kila pigo hugawanywa sehemu mbili zisizolingana: ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Mgawanyo huo ndio unaomfanya mchezaji anesenese. Mfano bora ni bendi ya Count Basie ya mwishoni mwa miaka ya 1930, ambapo gitaa la Freddie Green, besi ya Walter Page na ngoma za Jo Jones zilikwenda pamoja bila kusongana.

La pili ni kasi. Wachezaji wengi hustarehe kwa mapigo kati ya 120 na 180 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu wenye mapigo 140 kwa dakika una mapigo 420. Ukifikia 220, huwa na mapigo 660. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na ndivyo ilivyo kwa mpangilio wa nyimbo za kasi mfululizo: wanagenzi huondoka mapema, nao mabingwa huishiwa na pumzi. Mteuzi stadi hufuatanisha wimbo wa kasi na wa polepole.

La tatu ni urefu. Santuri za enzi hiyo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, muda unaotosha watu wawili kucheza na kuagana bila kuchoshana. Rekodi za jukwaani zenye dakika kumi hufaa zaidi kusikilizwa.

Ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem mwaka wa 1926 na kuwapokea weusi kwa weupe, ulikuwa na majukwaa mawili ili muziki usikatike. Huko, wachezaji ndio waliokuwa waamuzi. Mnamo Mei 11, 1937, bendi ya Chick Webb ilishindana na ile ya Benny Goodman, aliyekuwa na umaarufu mkubwa kote Marekani. Webb, aliyewafahamu vyema wachezaji wa ukumbi huo, ndiye aliyeibuka mshindi.

Uhusiano huo ulilegea katika miaka ya 1940. Kodi ya asilimia 30 iliyotozwa kumbi za burudani mwaka wa 1944 iliziumiza kumbi za densi, huku mtindo mpya wa bebop, wenye kasi na ufundi mwingi, ukilenga masikio zaidi kuliko miguu. Savoy ilifungwa mwaka wa 1958. Lindy Hop ilififia hadi miaka ya 1980, vijana wa Marekani, Uingereza na Uswidi walipowatafuta wakongwe kama Frankie Manning (1914-2009) ili wawafunze.

Kwa hivyo, anayeteua muziki wa swing hana budi kuutazama uwanja kabla ya kutazama santuri zake. Wimbo aupendao yeye haufai kitu iwapo hakuna anayeinuka kuucheza.