Senti Sita za Mwaka wa Pili

Nilianza kazi kwenye dirisha la akiba la posta mwaka 1974, katika mji mdogo uliozungukwa na mkonge. Siku ya kwanza karani mkuu hakunipa leja. Alinipa penseli na fomu iliyoharibika, akaigeuza nyuma. "Binti yangu, andika mia moja. Riba mbili na nusu kwa mia. Nenda miaka mitatu, usiruke hata senti."

Nikaandika 102.50, kisha 105.06, kisha 107.69. Akaweka kidole kwenye 105.06. "Mwaka wa kwanza riba ilikuwa shilingi mbili na nusu. Mwaka wa pili imezidi senti sita. Nani kaziweka?"

Hakuna aliyeziweka. Shilingi mia zilikuwa zimezaa mbili na nusu, na hizo mbili na nusu nazo zikazaa senti sita. "Huyo ni mjukuu," akasema. Vitabu vya shule vinasema riba changamano. Mimi mpaka leo nasema mjukuu.

Ile mbili na nusu ilitoka mbali. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya Benki ya Akiba ya Posta, ikisimamiwa na waziri wa fedha, William Gladstone. Wazo lilikuwa la Charles Sikes, mtu wa benki kutoka Huddersfield. Benki kubwa hazikuwa na haja na mtu wa shilingi moja moja, lakini posta ilikuwa na dirisha karibu kila mji. Serikali ikadhamini akiba yote, ikaahidi mbili na nusu kwa mia kwa mwaka. Mtindo huo ukaja huku na ukoloni: Kenya mwaka 1910, Tanganyika mwaka 1925.

Sheria ile ya Waingereza ilikuwa na kifungu ambacho bado kinaniuma. Riba ilihesabiwa kwa pauni nzima tu. Mfua nguo wa London mwenye pauni 5 alipata shilingi 2 na peni 6 kwa mwaka, na hizo zilikaa bure mpaka zitimie pauni, yaani miaka 8. Mwenye pauni 40 alipata riba ya pauni nzima mwaka wa kwanza, ikaanza kuzaa mwaka wa pili. Kitabu kilekile, kiwango kilekile, ila mjukuu wa maskini alicheleweshwa miaka saba.

Kujua pesa itachukua muda gani kuongezeka maradufu ni swali la kale mno. Kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kuna kibao cha udongo cha Babeli, cha zaidi ya miaka 3,500, chenye hesabu hiyo kwa riba ya ishirini kwa mia. Jibu lake ni miaka mitatu na miezi tisa na siku kadhaa. Mwaka 1494, mjini Venice, Luca Pacioli alichapa njia ya mkato: gawanya 72 kwa kiwango cha riba. Kwa mbili na nusu unapata karibu miaka 29. Mimi nilikwenda kwa penseli mwaka hadi mwaka, nikafika 199.65 mwaka wa 28. Riba ya mwaka huo peke yake ilikuwa 4.87, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na hakuna aliyeongeza kitu.

Basi nikawa nawaambia wateja: usitoe riba, iache ilale. Wapo walioikataa kabisa kwa ajili ya dini yao, nikawaheshimu. Wengine waliniamini.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Katikati ya muongo ule bei Tanzania zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Gawanya 72 kwa 30: haiishi miaka mitatu kila kitu kimekuwa maradufu. Bei nazo zina wajukuu. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa, kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Riba za akiba zilipandishwa, lakini bei zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Mwaka 1987 alikuja mzee mmoja, mkata mkonge mstaafu, na kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kurasa zimejaa mihuri ya kuweka, hakuna hata mmoja wa kutoa. Nilipiga hesabu mara mbili. Ilikuwa sawasawa mpaka senti. Nikamhesabia noti, akaziweka mezani bila kuzikunja.

"Mwanangu, hapa napata mabati mangapi?"

Nilikuwa nimenunua bati wiki ileile. "Mawili, mzee."

Alikuwa ameanza kuweka ili aezeke nyumba nzima. Akazitazama kwa muda, kisha akatenga noti moja ya shilingi ishirini, akanisogezea pamoja na kitabu. Akataka nigonge muhuri wa kuweka, akaunti isifungwe.