Kukeni kwa Inzi Mweupe

Mkulima wa Mkuranga, pwani ya Tanzania, akigeuza jani la muhogo na kukuta vidudu vyeupe vimejazana upande wa chini, husema ni inzi weupe. Bwana shamba husema hivyo hivyo, na vipeperushi vya ushauri vimeandika hivyo hivyo. Jina limeenea, na sioni haja ya kuling'oa. Ila tujue kwamba linasema mambo mawili yasiyo kweli: kwamba mdudu huyu ni inzi, na kwamba ni mmoja.

La kwanza halichukui muda. Inzi ana mbawa mbili. Huyu ana nne, na weupe wake ni unga wa nta uliozipaka. Hana mdomo wa kulamba, ana mrija wa kufyonza utomvu, na ndugu zake wa karibu ni vidukari na wadudu gamba. Mtoto wake akianguliwa hutambaa kidogo, akachagua mahali, akajibandika chini ya jani na kufyonza hapo hapo mpaka awe mkubwa. Kinyesi chake ni majimaji ya sukari, ambayo huota ukungu mweusi kama masizi juu ya majani ya chini.

La pili ndilo zito. Jina la kitaalamu la mdudu huyu, Bemisia tabaci, lilianzia Ugiriki mwaka 1889, pale mtaalamu Gennadius alipomwandika kama mharibifu wa tumbaku. Baadaye kila aliyefanana naye alikuja kuitwa kwa jina hilo, awe kwenye pamba, nyanya au muhogo. Lakini mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Côte d'Ivoire walionyesha kwamba waliotoka kwenye muhogo waliweza kuishi kwenye muhogo na biringani tu, na waliotoka kwenye bamia walikula mimea mingi lakini muhogo uliwashinda. Kwa macho ni wale wale, hata ukiwaweka chini ya hadubini. Leo wataalamu walio wengi wanakubali kwamba jina hilo moja limefunika spishi zaidi ya 30.

Hapa ndipo Kiswahili chetu cha kilimo kinapobanwa. Tumezoea neno “aina” kwa kila kitu: aina ya mbegu, aina ya ugonjwa, aina ya mdudu. Kwa mbegu neno hilo limekwisha kukaa; ukisema muhogo huu ni “aina ya Kiroba” hakuna anayepotea. Kwa mdudu halitoshi. Kipeperushi kikisema “kuna aina nyingi za inzi weupe”, msomaji hajui kama ameambiwa habari ya viumbe wasioweza kuzaana, au ya ndugu waliotengana kwa umbali tu. Tunalo neno “spishi”, limo shuleni na limo katika kamusi, na mimi ningelitumia bila aibu kwa wale wasiozaana. Kwa matawi yaliyo ndani ya spishi moja, “ukoo” unafaa kuliko “kabila” au “jamii”. Jamii imeshachukuliwa: tunasema mimea jamii ya mikunde. Na kabila ni habari ya watu, lugha na mila. Ukoo una faida moja zaidi, kwamba wingi wake, “koo”, unatukumbusha neno jingine, koo la kuku, yaani jike lililokwisha kuzaa. Kwa mdudu huyu, kama tutakavyoona, habari imeanzia kwa jike.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu ni “vinasaba”. Aliyelitunga alijua alichokuwa akifanya. Nasaba, kwa watu wa pwani, ni swali la posa: mtoto wa nani, kwao wapi, kuumeni ni akina nani na kukeni ni akina nani. Ni swali hilo hilo watafiti wanalomuuliza inzi mweupe. Na kwa miaka mingi walimuuliza upande mmoja tu. Kipimo chao kikuu kilikuwa jeni moja ya mitokondria, na mitokondria hurithiwa kwa mama. Mwaka 2010 ikapendekezwa kwamba tofauti ya asilimia 3.5 katika jeni hiyo ihesabiwe kuwa mpaka wa spishi. Kipimo chenyewe, basi, kilikuwa cha kukeni. Kuumeni hakikuona kitu.

Na kuumeni kwa inzi mweupe kuna ajabu yake. Yai lililorutubishwa hutoa jike. Yai lisilorutubishwa halifi, hutoa dume. Kwa hiyo dume hana baba. Ana babu, mzaa mama, lakini baba hana. Lugha nyingine ingehitaji sentensi tatu kulieleza jambo hili. Sisi tunaweza kusema dume la inzi mweupe ni mtu wa kukeni mtupu, na aliyelelewa kwa Kiswahili akaelewa.

Tazama jinsi majina yalivyoyumba Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, ugonjwa wa muhogo unaobebwa na inzi weupe hawa, ilizuka Luwero na kusambaa hadi nchi jirani. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba ndani yake kulikuwa na kirusi chotara, kilichounganisha sehemu za virusi viwili vya batobato. Inzi weupe nao walikuwa wamefurika, mamia kwenye shina moja. Mwaka 2002 watafiti waliwagawa mafungu mawili, Uganda 1 na Uganda 2; la kwanza likaitwa mwenyeji, la pili mvamizi, kwa kuwa lilionekana kuandamana na ugonjwa. Vipimo vilivyofanywa hadi 2010 vikaonyesha mambo yamegeuka: mvamizi amepungua, na aliyejaa mashambani ni ukoo wa yule aliyeitwa mwenyeji. Siwalaumu waliotoa majina hayo, walisema walichokiona. Lakini “mvamizi” ni hukumu, na hukumu ikishakuwa jina ni vigumu kuifuta.

Kisha mwaka 2017 wakasoma jenomu kwa upana, kukeni na kuumeni pamoja. Inzi weupe wa muhogo barani Afrika wakajipanga katika makundi makubwa sita, na mipaka yake haikulingana na ile ya mitokondria. Wa kanda ya Ziwa wakawa upande wa Mashariki na Kati, wa pwani yetu upande wa Mashariki na Kusini. Waliokuwa wakiitwa kwa jina moja la kukeni walikuwa watu wa nyumba mbili.

Atakayeona kwamba haya ni mambo ya maabara na aitazame historia ya muhogo wenyewe. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka milima ya Usambara. Mwaka 1936, kutoka Amani katika milima hiyo hiyo, mtafiti Storey aliandika michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao jina lake linatokana na michirizi ya shinani ilhali hasara yake kubwa imo chini, katika muhogo ulioozea ardhini bila mwenyewe kujua mpaka siku ya kuvuna. Amani ndiko watafiti walikochanganya muhogo na mti wa mpira kutafuta ukinzani wa magonjwa hayo. Uganda ilipopata aina zinazohimili batobato, inzi weupe waliendelea kujaa kwenye mimea iliyostawi, kwa kuwa kuhimili kirusi si kumfukuza mdudu, na tangu 2004 michirizi ya kahawia ikaanza kuenea huko, ikibebwa na mdudu yule yule. Mzalishaji wa mbegu anayetafuta muhogo usiopendwa na inzi weupe hana budi kujua ni inzi weupe wa ukoo gani aliowajaribia. Muhogo uliowashinda wa Namulonge, Uganda, haujathibitishwa kwa wa Kibaha, kwetu pwani, mpaka ujaribiwe Kibaha.

Kwa hiyo nawaomba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na wale wanaoandika vipeperushi vya mihogo Tanzania na Kenya, wafanye mambo machache. “Inzi weupe” libaki, liongezwe “wa muhogo” pale wanapokusudiwa hao. “Aina” iachiwe mbegu. “Spishi” na “ukoo” ziingie kila mahali panapozungumzwa mdudu, na matokeo yaliyosomwa kwenye mitokondria peke yake yaandikwe wazi kuwa ni ya kukeni. “Mvamizi” lisitumike mpaka uvamizi uthibitishwe.